Fundo la Tano

Nesi alinambia: ukishakula,
lalia ubavu wa kushoto, uhesabu.
Kumi ndani ya saa mbili.
Yakipungua, usingoje kuche.

Mimi hesabu sikusoma sana.
Hapa Matondoni twasuka mikeka.
Nikachukua mwaa mmoja: kila teke, fundo.
Jumatatu mafundo kumi, chai haijapoa.
Jumanne ulinipiga mbavuni katikati ya adhana,
nikacheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Nesi alinifunua kope, akaona weupe.
"Damu nane. Vidonge wameza?"
Nilikuwa nikiwamwagia kuku.
Vyanuka msumari.

Alhamisi, matatu.
Nikanywa maji ya mtungi, nikala tende,
nikakuita kwa jina nisilomwambia mtu.
Manne.
Mwaa ukabaki mrefu mkononi.

"Amelala," akasema mavyaa, "nawe lala."
Nikavaa buibui.

Punda wa Shekuwe haijui haraka,
aijua njia ya mchanga hadi Amu, basi.
Mkono mmoja tumboni, wa pili na mwaa.
Nikageuka: mavyaa yu nyuma,
viatu kavishika, hasemi neno.

Wakanipaka mafuta ya baridi.
Chombo kikatafuta huku na huku.
Upepo. Upepo tu.
Halafu ko-ko, ko-ko, ko-ko,
kama punda mdogo
aliyetutangulia njia nzima.

Nilimeza vidonge viwili papo hapo, nesi akitazama.

Alfajiri ukageuka, ukasukuma.
Mikono yangu ilikuwa yatetemeka.
Fundo la tano
alilifunga mavyaa.