Sifuri Si Kimya

Saa saba ya usiku, mtaa wa Himbi.
Jenereta ya jirani imekohoa, ikanyamaza.
Nimebaki na betri, na mwanga wa kioo usoni,
na kiendeshi alichokiacha Paluku:
mistari mia tatu, maelezo mawili,
na moja kati ya hayo mawili ni uongo.

"Sauti: 0 hadi 100," aliandika.
Mia ya nini, Paluku?
Mia ya magunia ya makala?
Mia ya mizunguko ya gurudumu la chukudu
ukishuka nalo kutoka Kibati?
Hakusema. Alipokea asilimia, akaipitisha kwenye jedwali lake,
akaitupa ndani ya rejista
kama mtu anayerusha ufunguo dirishani
akiamini yupo wa kuudaka.

Asubuhi Kavugho alinionyesha, pale redioni.
Alikuwa anasoma majina ya watoto waliopotelewa na wazazi.
Akasukuma kitelezi kwa ncha ya kidole,
moja hadi kumi tu, na sauti yake
ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa.
Kisha hamsini hadi mia:
akasukuma, akasukuma, wapi.
"Nachota maji kwa ungo," akasema.

Haba na haba hujaza kibaba.
Hiyo ni kweli kwa mchele, kwa sambaza wakavu,
kwa franga zinazohesabiwa usiku juu ya kitanda.
Sikio halina kibaba.
Sikio linataka mara, halitaki jumla.
Zidisha nguvu mara kumi, litasema: hatua moja.
Zidisha mara kumi tena: hatua moja.
Ndiyo maana kichwa kimoja, bila kubadilishwa,
kinatosha mbu ndani ya chandarua
na mlima unaopasuka.

Na hapa Goma nani hajui hesabu hiyo?
Tetemeko la tano si la nne na chenji.
La nne liliangusha kikombe.
La tano: dada yangu, pale Majengo, alikuwa na ukuta.

Chipu yenyewe haikukosea.
Inahesabu kwa desibeli, moja na nusu kila kidato,
sifuri ikiwa juu kabisa, wazi kabisa,
halafu inashuka hadi hasi arobaini na sita na nusu.
Ni Paluku aliyeinyoosha.
Alidhani mstari ulionyooka ni adabu,
kwamba mgeni hapaswi kuonyeshwa ngazi.

Na hapa chini, mstari wa mia mbili na kumi na nane,
ule uongo: "0 = kimya."
Hapana. Sifuri yake ni kidato cha mwisho cha chipu,
na kidato cha mwisho bado kinasema.
Kavugho alikuwa ameniambia, nikamcheka:
kitelezi kiko chini, studio imefungwa,
na ndani ya spika kuna mtu, mbali sana,
bado anataja majina.

Kimya hakipatikani kwa kushuka.
Shuka kidato, kuna kingine chini yake,
na kingine, hesabu haifiki.
Kimya kina biti yake pekee,
mlango kando ya ngazi.

Basi nimefuta jedwali.
Nimeandika kipimo kando ya namba,
kwa mia za desibeli, maana ndani ya kiini
hatubebi nukta: chini −4650, juu 0, hatua 150.
Kimya nimekipa swichi yake.
Atakayetaka asilimia aichore mwenyewe, huko juu,
akijua anachokichora.

Betri, asilimia tisa. Hiyo ni ya mstari, naiamini.

Paluku aliondoka usiku ule anga lilipokuwa jekundu,
na watu, na magodoro, barabara ya Sake.
Namba yake bado ninayo.
Nikipiga haiiti, wala haikatai;
kuna mvumo tu, mdogo, kama wa mbali.
Sijui niuandike wapi:
kidato cha mwisho,
au swichi.