Ukurasa wa Makosa

Karatasi hukatwa kwa mate, si kwa mkasi.
Unakunja, unapitisha ulimi kwenye mkunjo,
unavuta taratibu; ikikwaruza, umeiharibu.
Ndivyo baba alivyonifundisha, Mafinga, mwezi wa sita,
ukungu umelala mlangoni kama mbwa asiye na mwenyewe.

Yeye hakuweza tena.
Msumeno wa kiwandani ulimla vidole vitatu vya kulia,
ukamwachia gumba na kile kidogo:
vya kushikia kikombe cha ulanzi,
si vya kusokotea.

Tumbaku ilitoka Chunya na utingo wa lori la mbao,
nyeusi, ndani ya mfuko wa sukari,
inanuka asali iliyoungua.
"Usijaze. Ukijaza haivuti.
Ukipunja inawaka mara moja, kama uongo."
Gumba juu, cha shahada chini,
isukume, irudishe, isukume,
mpaka ikubali kuwa kitu kimoja.
Kisha ulimi tena, ukingoni:
chumvi ya mkono wangu, wino,
na utomvu wa misindano
uliokuwa kwenye kila kitu chetu, hata uji.

Karatasi ilikuwa daftari langu la hesabu.
"Lete ukurasa wa makosa, Tulalumba.
Uliopata usiuguse."
Nikachana kugawanya kwa desimali,
kurasa mbili za misalaba myekundu ya Mwalimu Mwaijande.
Baba akawasha kwa kijinga, akavuta,
sifuri zangu zikapanda darini.
"Umeona? Hilo halipo tena."

Mwezi wa nane nikaelewa kugawanya.
Nilikuwa nasokota tu, nikaona:
fungu moja, misokoto kumi na miwili,
na salio ni ile tumbaku inayobaki kiganjani.
Vema. Vema. Vema sana.
Kurasa nne mfululizo.
Baba akalipekua daftari, akalifunga.
"Leo hakuna karatasi,"
kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mvua.
Akakaa na tumbaku kwenye mkono mbovu, akiinusa.
Usiku kucha nilisikia kitanda chake kikilia.

Kesho yake niliandika
saba mara nane ni hamsini na nne.
Nilijua. Nilikandamiza kalamu mpaka ikatoboa.

Baba aliusoma ule ukurasa karibu na moto,
midomo ikihesabu.
Akanitazama mimi, akatazama karatasi.
Akaikunja mara nne kwa gumba na kidole kidogo,
akaitia mfukoni mwa koti la kazi.
Jioni ile hakuvuta.

Msidhani aliacha.
Alianza kumwomba mama Wendelini magazeti ya kufungia vitumbua,
akavuta habari za mwaka juzi, zenye mafuta,
zikamkohoza vibaya kuliko hesabu zangu.
Daftari langu hakuligusa tena.

Koti ninalo mimi.
Tulipogawana vitu vyake wenzangu walichukua redio, shoka, blanketi.
Karatasi ilikuwa bado mfukoni, laini kama kitambaa.
Chini ya nne yangu, kwa mkaa, kwa mkono wa kushoto,
tarakimu imelala upande kama mti uliokatwa:
sita.

Mimi sivuti.
Ila nikipewa risiti dukani
gumba linaanza lenyewe:
isukume, irudishe,
na muuzaji ananitazama
nikiupeleka ukingo mdomoni.