Kimetoka

Sheria imebandikwa ukutani, juu ya sinki la chai:
kitabu kisichoazimwa miaka mitano, kitoke.
Eluned aliiandika kwa mkono wake
na mkono huohuo leo unapita rafu kwa rafu,
unavuta, unafunua ukurasa wa nyuma, unahukumu.
Mimi, kibarua wa miezi mitatu, nafuata na daftari.

Nje, mvua ya Wales: hainyeshi, haikomi.

Katoni mbili zimejaa kabla ya saa nne.
Mwongozo wa kodi wa mwaka themanini na moja: kitoke.
Atlasi yenye Ujerumani mbili: itoke.
Kitabu cha uzazi kinachomruhusu mjamzito
sigara moja baada ya chakula, atulize roho:
kitoke, tena upesi.
Hapo hatukuhuzunika.
Uongo ukizeeka haugeuki hekima.

Kisha kitabu cha njiwa wa mashindano,
uti wake umefungwa utepe wa kahawia,
ndani mchoro wa bawa, kila unyoya na namba yake.
Eluned akafunua nyuma.
Machi tisa. Machi tisa. Machi tisa.
Muhuri chini ya muhuri, miaka kumi na minane,
kadi ileile.

"Idwal Probert," akasema, bila kutazama jina.
Mgodi ulipofungwa aliuza njiwa wote,
akabaki na banda, na ngazi ya kupandia banda.
Kila Machi alikichukua asubuhi,
jioni akakirudisha, hata hakukisoma.
"Nakirusha kidogo," alimwambia.
"Kisiporuka kitasahau njia ya nyumbani."

Muhuri wa mwisho una miaka sita.
Sheria ni mitano.
Nilihesabu kwa vidole, nikanyamaza;
yeye naye alikuwa amekwisha hesabu.

Alikitia katoni. Alikitoa.
Akafuta vumbi la jalada kwa mkono wa sweta,
akaenda mezani, akavuta droo,
akatafuta kadi yake mwenyewe, kadi ambayo
kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuitumia.
Muhuri ulikuwa mkavu. Akaupulizia pumzi, akagonga.
Tarehe ilitokea nusu.

"Andika," akaniambia, akivaa koti, "kimetoka."

Nikaandika.
Ni neno lilelile nililoandika mbele ya atlasi,
mbele ya kodi, mbele ya ile sigara moja.
Daftari halikuuliza
kimetoka kwenda wapi, wala kama kitarudi.