Karanga za Mgombea

Namba mia mbili kumi na nne, Mwalimu Cirhuza:
aliuza kiwanja cha Panzi alipe dhamana ya ubunge,
akapanda ngazi za Kadutu nyumba kwa nyumba,
tope jekundu likimfika vifundoni.

Kinshasa ilisoma majina usiku. Kura sitini na moja.
Ukoo wake peke yake wanapita tisini.

Mabango yalibaki kwangu. Niliyakata, nikafungia karanga.
Jana amesimama mezani pangu, akatoa franka mia tano,
akafungua kifurushi, akakuta uso wake unacheka,
na ile tai ya kuazima.
“Picha ilitoka vizuri,” akasema,
akatafuna polepole, chumvi mdomoni.

Hakuniuliza kitu.
Nami nilikuwa nimevaa fulana yake.