Ukuta Unaoingia Majini

Umeshuka kwenye treni na orodha mkononi:
kasri jeupe, uwanja mkubwa, mnara wa taa.
Sawa, Loredana. Miguu ni yako, na siku ni ndefu.

Tuanze na uwanja, huu uliosahau ukuta wake wa nne,
bahari ikaingia bila kubisha hodi.
Simama katikati. Hapo.
Januari usingesimama.
Januari Trieste hushukiwa na upepo uitwao Bora,
na ubora wake sijauona:
hung'oa vigae, hulaza pikipiki chali,
padri wa mtaa wetu aliikimbiza kofia yake hadi ukingo wa gati,
kofia ikatangulia mbele ya haki.
Zile pete za chuma ukutani zilikuwa za kamba,
watu washike wakienda kununua mkate.

Kahawa tutakunywa wima.
Usiseme "kahawa" tu, hapa neno hilo halitoshi.
Sema nyeusi, sema yenye povu, sema ya kwenye glasi,
na mhudumu atakuheshimu kidogo.

Barcola utaiona mwenyewe:
zege tupu, mchanga hakuna,
watu wazima wamelala kama samaki wa kukaangwa,
upande mmoja, kisha wa pili,
mwanasheria kando ya fundi bomba, wote na vichupi,
hakuna anayeamkiwa kwa cheo.

Kasri litangoja. Ni la mawe, haliendi kokote.

Twende kwanza kwenye ufuko wangu.
Mdogo. Kokoto zinachoma nyayo.
Katikati pana ukuta mweupe wa mita tatu,
unaanzia langoni, unateremka, unaingia majini:
wanawake kushoto, wanaume kulia.
Usicheke.
Mtu akitaja kuubomoa, wanaokuja juu ni wanawake.
"Huku ndani," alisema bibi yangu Nives,
"tumbo langu halimwombi mtu radhi."

Nililelewa upande wa kushoto.
Mvulana huruhusiwa mpaka atimize miaka kumi na miwili.
Nilijua karata zao na mafuta yao ya nazi,
nilijua mume wa nani hukoroma na wa nani hulia usingizini,
nilimjua Zdenka, aliyekatwa titi moja,
akaota jua na kovu lake kama mtu anayeanika shati.
Vicheko vilifurika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Ng'ambo ya ukuta sikuwahi kusikia ila kikohozi.

Kisha kiangazi kimoja mkata tiketi akanipima juu hadi chini,
akakitazama kivuli juu ya mdomo wangu,
akanyoosha kidole: kulia.
Bibi hakubishana. Alinipa taulo.

Kulia kulikuwa na wazee saba na magazeti saba.
Hakuna aliyesogea,
hakuna aliyeniuliza mimi ni mtoto wa nani.
Nikaketi, mgongo ukutani, mgongo ukisikiliza.

Pu!
Pichi likadondoka kando yangu, limepasuka,
majimaji yakitiririka kwenye kokoto.
La pili likampata Bwana Duilio utosini.
Akalitazama.
Akalifuta kwa ukurasa wa michezo, akalila mpaka kokwa.
"Nives," akasema, macho gazetini,
"tangu mwaka wa sitini na tatu hujajifunza kulenga."

Kushoto kukanyamaza.
Sijawahi kuusikia upande ule ukinyamaza,
kabla wala baadaye.
Halafu bibi yangu:
"Nani kakwambia nimekosea?"

Mwaka wa sitini na tatu kulitokea nini, sikuambiwa.
Niliuliza kwenye basi tukirudi; alinifunga kamba za viatu,
na viatu vilikuwa vimeshafungwa.

Haya, tumefika. Kiingilio ni sarafu moja.
Mlango wako ule, wangu huu.
Tuonane saa saba, hapa nje, ndipo tulifuate kasri lako.
Kibanda cha matunda kiko nyuma yako.
Ukinunua, rusha karibu na ukuta:
mimi hukaa palepale.