Mambo ya Nje

Nilikuwa karani wa posta, Wete,
dirisha la pili, barua za ng'ambo.
Nina mizani ya shaba, sifongo kwenye kisahani,
na jedwali la nauli ukutani:
nchi arubaini na tatu,
kila moja na bei yake ya kuifikia.

Watu hudhani mambo ya nje hupikwa na mawaziri,
meza ndefu, vibendera, chupa za maji.
Mie niliyaona yakianza kwenye foleni ya mkate,
siku Shaame alipomgeukia Jivan, fundi saa:
"Hivi nyie, kwenu hasa ni wapi?"
Kucheka, tukacheka.
"Kwetu hapa, nyuma ya bohari."
"Sikuulizi unapolala," akasema Shaame.

Swali likapanda jukwaani.
Likashonewa sare, likapewa kipaza sauti
na beti mbili za kuimbisha watoto skuli.
Likapanda meli kwenda Unguja, likaingia ofisini,
likatoka limekuwa waraka.

Wa kwanza ulisema nchi fulani imetutazama kwa kengeza.
Mkuu wetu, Bwana Mbarouk, aliusoma mara mbili,
akatafuta rula,
akapiga mstari mwekundu.
Arubaini na mbili.
Balozi wao alipewa saa ishirini na nne:
kwenye dhifa alichelewa kusimama wimbo ulipopigwa.
Ana goti bovu, alisema mpishi wake.
Lakini taifa lililozoea kutukanwa
haliulizi habari za goti.

Kisha nyaraka zikaja kama chafya.
Bombei, kwa ajili ya Jivan.
Shihiri, kwa ajili ya muuza kahawa wa Jadida.
Ngazija, kwa kuwa mwalimu wa hesabu
alikuwa na lafudhi.
Ndivyo ramani yetu ilivyochorwa:
kila tuliyemchukia mtaani
tulimtafutia dola nyuma yake,
na kila dola tukaipa njama.

Marafiki waliobaki walikuwa wa mbali mno,
hata jina letu hawalitamki sawa.
Walituletea makoti ya sufi, shehena nzima.
Tukayapigia makofi gatini, jua la utosi.

Mwaka ule karafuu zililala ghalani.
Wanunuzi wake walikuwa chini ya rula ya Mbarouk.
Harufu ikajaa mji mzima
kama karamu ambayo wageni wamekatazwa.
Redio ikasema: tunajitosheleza.
Mize Faki, mchumaji, akauza kitanda,
kisha mkeka aliokuwa akiutandika juu yake.

Mimi sikumchukia mtu.
Hilo nililishika sana, kama risiti.
Kazi yangu ilikuwa muhuri tu:
IRUDI KWA MPELEKAJI.
Siku nyingine mia na kumi, mia na ishirini,
bila kusoma majina;
mkono hujifunza upesi kuliko mwenyewe.
Jivan aliondoka na saa zetu zote ameshazitengeneza,
kila moja katika bahasha, jina la mwenyewe juu.
Yangu haijasimama hata leo.

Jioni moja nikamkuta mama ukumbini,
bahasha mapajani.
Ni ile aliyomwandikia dada yake, Moroni, tangu mfungo tatu,
kwa herufi za Kiarabu, mkono wake mwenyewe;
anwani ya kizungu aliandikiwa na mtoto wa jirani.
Muhuri umekaa katikati, haukupinda,
wino haukuvuja.
Kazi safi.

"Hapa pameandikwaje?"

Ningeweza kusema.
Nilikuwa na ulimi, na mlango ulikuwa umefungwa.
Nikamwambia:
"Huko kwao wamekataa kuipokea."

Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mto.
Hakulia.
Usiku nikamsikia akimsimulia jirani dirishani
habari za ndugu yake wa tumbo moja,
na kwa mara ya kwanza hakumtaja jina.
Alisema: wale.