Kitabu cha Kumi na Mbili

Muswada ulifika Jumatatu, umefungwa kwa uzi wa viatu,
kurasa mia moja na nne, mwandiko wa kuinama kulia.
Ufugaji wa Nyuki katika Nyanda za Baridi.
Mwandishi: Dorin Ghimpu. Anwani: gerezani, jengo la tatu.
Mimi ndiye msahihishaji wa chapa hapa Botoșani,
chumba kimoja juu ya duka la vifungo,
vifungo vya mashati.
Kazi yangu ni nukta na mikato.

Sheria inasema: mfungwa akiandika kitabu cha elimu,
profesa akakitilia sahihi,
siku thelathini zinakatwa.
Nilimuuliza wakili: zinakatwa wapi?
Huyu si alifungwa maisha?
Maisha ukitoa thelathini hubaki nini?
Akavua miwani, akaifuta kwa tai.
Kumbe maisha yana mlango wa uani:
miaka ishirini ikitimia unaruhusiwa kuomba kutoka,
na siku zinapungua huko, kwenye ishirini,
kimyakimya, kama unga katika mfuko wenye tundu.

Hiki ni cha kumi na mbili.
Alianza na vigae vya paa. Kisha hesabu za mpira wa miguu.
Kisha habari za mtakatifu mmoja, kurasa sitini, picha tele.
Nimevisoma vyote. Nadhani ni mimi peke yangu.
Mahakamani, nasikia, wanahesabu majalada.

Ukurasa wa tisa kaandika malkia kwa herufi kubwa.
Nikasahihisha.
Ukurasa wa ishirini na mbili kaiba aya nzima,
ni ya kitabu cha shule, darasa la sita.
Naijua. Anelin aliikariri jikoni
akizunguka meza na kipande cha mkate,
akijikwaa kila mara palepale, penye "chavua".
Anelin, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa.
Kituo cha mafuta, zamu ya usiku,
lei mia mbili na arobaini kwenye droo.

Nikaupeleka ukurasa kwa bwana Pricop, mwenye mtambo.
Aliusoma amesimama.
"Smaranda," akasema, "sisi tunachapa.
Wenye kuhukumu wako mtaa wa pili,
nao hufunga saa kumi."
Ankara ilikwisha kulipwa na mama yake Dorin,
noti ndogondogo zenye harufu ya kabichi.
Nilijaribu kumchukia yule mama.
Alikuwa amevaa soksi mbili zisizofanana.

Basi nikaketi, nikasahihisha.
Masega, moshi, nta, na ile baridi ya Januari,
nyuki wanavyoshonana donge moja
wakitetemeka ili malkia asigande.
Hapo, nakiri, ameandika vizuri.
Hapo niliinuka, nikasimama dirishani kidogo.

Ukurasa wa tatu ni wa kutabaruku.
Aliuacha mtupu, hakumtaja mtu.
Nimemtaja mimi, kwa herufi za mlazo, katikati:
Kwa Anelin, aliyejikwaa penye "chavua".
Nakala kumi na tano. Gundi imekauka.
Kesho moja inakwenda kwa profesa, moja kwa hakimu,
na hakuna atakayefungua ukurasa wa tatu,
wala wa nne.

Kumi na mbili mara thelathini:
mia tatu na sitini.
Mwaka, kasoro siku tano.
Hizo tano nimebaki nazo.